Bunduki kwa Kaka, Kalibu kwa Dada

Mume wangu Emlyn na dada yake Nesta walinuniana miaka tisa, na chanzo kilikuwa mbwa. Watu wa bondeni kwetu walidhani ni ardhi, maana huku kwetu ndugu wakikosana swali la kwanza ni shamba lipi. Haikuwa ardhi. Baba mkwe alikwisha kuigawa akiwa na akili zake timamu, na hakuna aliyelalamika. Alikuwa Moss, mbwa wa kondoo wa mzee, aliyekuwa na mtoto wa jicho upande mmoja na miguu ya nyuma iliyokakamaa kwa uzee.

Mzee alipopelekwa hospitali, Moss alilala mlangoni pa chumba chake akakataa kula. Mzee hakurudi. Tulimzika siku ya mvua, na kesho yake asubuhi Emlyn akamchukua Moss nyuma ya banda, akampiga risasi moja, akamfukia chini ya kichaka cha miiba kwenye ukingo wa malisho. Mchana wifi yangu Nesta akaingia uani na gari lake. Kwenye kiti cha nyuma alikuwa ameweka kapu na blanketi. Alikuja kumchukua mbwa akaishi naye.

"Nimeshammaliza," Emlyn akamwambia.

Nesta alimtazama kaka yake, akaligeukia lile kapu, kisha akageuza gari akaondoka. Tangu hapo wakawa wanakutana kanisani kama watu wawili wanaosubiri zamu kwa daktari. Mimi nilisalimiana na wifi yangu kama kawaida, nikampelekea mayai, akaniletea jemu. Lakini jina la Emlyn lilikuwa halitajwi mezani kwake, na la kwake halikutajwa mezani kwetu.

Katika mgawo wa mzee, Emlyn alipata bunduki. Ilikuwa bunduki ya kuwindia ya zamani sana, ya mtutu mmoja na risasi moja moja: unasukuma wenzo chini, kipande cha chuma kinashuka, unaingiza risasi, unafunga. Babu wa baba mkwe alikuwa mlinzi wa wanyama katika ardhi ya bwana mmoja mkubwa, na bwana yule, aliyekuwa akiwinda nayo huko Bara Hindi, alimpa macho yake mwenyewe yalipofifia. Ilining'inia juu ya meko yetu bila kibali chochote, kwa kuwa sheria inaihesabu kuwa pambo. Hakuna kiwanda kinachotengeneza risasi zake tena. Ila ukitaka kuipiga, hapo lazima iandikwe kwenye cheti chako cha silaha pamoja na aina ya risasi inayokula.

Emlyn alipobadilishwa goti, malisho tukamkodisha jirani. Mwanamume aliyezoea kondoo mia nne akibaki na paka mmoja, nyumba huwa ndogo. Alipanga upya banda, kisha akaanza kupanga upya jiko langu. Yalikuwa yamenifika kooni aliposimama siku moja mbele ya meko na kusema, "Nitaipiga hii."

"Utampiga nani?" nikamuuliza.

"Kuna mashindano ya bunduki za kale kule machimboni kila kiangazi. Nitaipeleka."

Kusema kweli nilifurahi. Niliona jiko langu limepona.

Juu ya mtutu yamechorwa maneno machache tu: 450 Express. Emlyn alinionyesha kwa kidole kama mtu aliyeshinda kesi. "Unaona? Imejitaja yenyewe. Ni mia nne hamsini." Akaiandikia ofisi ya vyeti vya silaha, na mama mmoja wa huko akamwandikia mia nne hamsini. Akaagiza maganda mapya ya risasi kwa mtu anayeyachonga kwa ajili ya wapenzi wa bunduki kuukuu, maganda marefu ya shaba, yaliyonyooka kama bomba. Yalipofika hayakuingia. Yalisimama nje ya chemba, kile chumba cha risasi nyuma ya mtutu, kiasi cha upana wa dole gumba, na mlango wa chuma ukakataa kupanda.

Mtu mwingine angeuliza. Emlyn alichukua msumeno.

"Ni marefu tu," akasema, akayakata.

Sasa yakaingia. Akajaza moja kwa baruti nyeusi kidogo, akaweka fataki ya kuiwasha na risasi, akaifunga bunduki kwenye rundo la matairi uwanjani na kuivuta kwa kamba akiwa nyuma ya ukuta. Mimi nilikuwa dirishani jikoni, simu mkononi, tayari kuita gari la wagonjwa. Ukasikika mshindo, likapanda wingu jeupe linalonuka mayai yaliyooza, kondoo wa jirani wote wakahamia kona moja. Emlyn alitumia fimbo na nyundo kulitoa lile ganda. Lilikuwa limevimba tumbo na kupasuka kutoka mdomoni hadi karibu na kitako.

"Nilitia baruti ndogo," akasema, kama anayejitetea.

"Na akili ndogo," nikamwambia. "Twende kwa Wilf."

Wilf Lugg ni fundi wa bunduki mjini Presteigne, ana karakana nyuma ya nyumba yake, na kofia ya sufi haimtoki kichwani hata kiangazi. Alisoma darasa moja na Emlyn, ndiyo maana huniita shemeji, na ndiyo maana hamwonei Emlyn haya. Alilipokea lile ganda, akalizungusha mbele ya taa muda mrefu.

"Nani kalikata hili?"

"Msumeno," Emlyn akajibu.

"Msumeno hauna kosa. Nauliza aliyeushika." Akaliweka mezani. "Shemeji, huyu mume wako unampa chakula gani?"

"Kile kile ulichokula wewe Krismasi."

"Basi tatizo si chakula." Akaichukua bunduki, akaifungua, akachungulia ndani. "Sikiliza, Emlyn. Mia nne hamsini ni jina la tundu la mbele, pale risasi inapopita. Halikwambii lolote kuhusu chumba cha nyuma. Wazee wale walitengeneza mia nne hamsini za kila namna: fupi, ndefu, nyembamba, nene. Ni kama akina Pugh wa huku kwetu. Wote Pugh, na hakuna anayefanana na mwenzake."

Akaanza kazi, nasi tukakaa kwenye masanduku kumtazama. Kwanza alisugua chemba mpaka kitambaa kikatoka safi. Akaziba mtutu kwa tambara mbele kidogo ya chemba. Kisha akayeyusha madini fulani laini, ambayo huyeyuka hata ndani ya sufuria ya maji ya moto, akayamimina ndani ya chemba, akasubiri yagande. Alipoyasukuma kwa fimbo, yakateleza mkononi mwake, yang'aayo, yenye umbo kamili la ule uwazi wa ndani. Hata mimi nisiyejua lolote niliona. Halikuwa bomba. Lilikuwa na mwili mnene, kisha mabega, kisha shingo, kama chupa ya mvinyo.

"Huyo hapo Pugh wako," Wilf akasema. Akapima kitako, akapima bega, akapima shingo, akalinganisha na michoro iliyobandikwa ukutani. "Hili ni ganda la mia tano lililobanwa shingo ili libebe risasi ya mia nne hamsini. Fupi na nene. Wewe umeliingizia bomba jembamba, likakosa ukuta wa kuegemea, likapasuka. Ungekuwa umeiegemeza shavuni, leo shemeji angekuwa anakunywesha supu kwa mrija."

Emlyn alikohoa. Alipenda kukohoa akikosa la kusema.

Wilf akapaka mafuta kipande cha madini laini ya risasi, akakigonga ndani ya mtutu na kukipitisha mpaka upande wa pili. Mikato ya ndani ya mtutu, ile inayoizungusha risasi, iliacha alama zake juu yake, na hizo nazo akazipima. Mwisho akafungua mbao za chini akatuonyesha mihuri midogo iliyopigwa kwenye chuma: bunduki ilipimwa nguvu kwa baruti nyeusi peke yake. "Baruti ya kisasa usiisogeze karibu," akasema. "Chuma hiki ni mzee. Mzee humpi konzi, unampa uji."

Emlyn akampigia simu yule mama wa ofisi ya vyeti kuomba aina ya risasi ibadilishwe. Nilimsikia mama yule akicheka. "Mara hii una hakika, Bwana Bufton?"

Maganda Wilf aliyatengeneza mwenyewe. Alichukua maganda manene ya mia tano, akayachoma shingo kwa moto ili shaba ilegee, akayasukuma taratibu ndani ya kibano, kidogo, akayatoa, akayachoma tena, kidogo zaidi. Mengine yalipasuka akayatupa kwenye ndoo bila kuyatukana. Yaliyobaki yaliingia kwenye chemba kama mkono kwenye soksi, na mlango wa chuma ukapanda bila kelele. Emlyn alikuwa anaenda karakana kila siku Wilf alipomruhusu, na siku ambazo hakumruhusu alienda vilevile.

Lakini bunduki haikutaka kunyooka. Walinunua risasi za kawaida za ukubwa ule, wakajaza, wakaenda machimboni kujaribu. Niliona karatasi ya shabaha waliyorudi nayo. Matundu hayakuwa duara, yalikuwa marefu kama tundu la ufunguo. Risasi zilikuwa zinafika ubavu mbele. Ndani ya mtutu zilikuwa zimebandika madini yake kwenye mikato, na Wilf alisugua siku mbili kuyatoa.

"Mikato yake ni ya kizamani," Wilf akasema, akiwa amekaa jikoni kwetu na kikombe cha chai. "Bunduki hii inataka risasi ndefu nyembamba, iliyovikwa karatasi. Karatasi ndiyo inayogusa chuma, risasi haigusi. Ikitoka mdomoni, karatasi inapukutika. Bunduki kama hizi ziliuzwa na sanduku lake: kalibu ya kusubu risasi, kipimo cha baruti, na kigezo cha kukatia karatasi. Kila fundi alikuwa na umbo lake. Naweza kukisia, lakini nitakisia mpaka tuzeeke. Sanduku liko wapi, Emlyn?"

Emlyn akakohoa.

Mimi nilikuwa najua. Nilikuwa najua tangu siku ile alipoitoa bunduki juu ya meko, na nilinyamaza kwa sababu nilitaka alitamke mwenyewe. Sikuona dalili.

"Liko kwa Nesta," nikasema. "Kabati la jikoni, chini, nyuma ya sufuria za jemu."

Wilf alitutazama mmoja mmoja. Bonde zima lilijua hao wawili hawasemezani. "Sawa," akasema, "si mbali. Ng'ambo ya kilima."

"Afadhali niipakie kokoto," Emlyn akasema, akatoka nje kwenda kutazama hewa.

Ikapita karibu miezi miwili ya ukaidi. Alinunua kalibu nyingine kwa mtu wa mbali, risasi zikatoka nene mno. Akanunua ya pili, zikatoka fupi. Alijaribu kuzifunga karatasi mezani kwangu na vidole vyake vya kufunga kamba za malango, na kila aliyoifunga ilionekana kama sigara ya mlevi. Siku moja nilimkuta ameweka kichwa juu ya mikono, vipande vya karatasi vimemganda kwenye kiwiko. Sikumcheka. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, nilimfuata Nesta kwenye maegesho.

"Wifi, kuna jambo."

"Ni sanduku," akasema. "Wilf ameshaniambia."

"Utaniazima?"

"Wewe ningekupa hata kabati lenyewe. Lakini si wewe unayelitaka." Akafungua mlango wa gari. "Mwambie aje mwenyewe. Si alipewa goti jipya? Alitembeze."

Nilimfikishia ujumbe neno kwa neno. Emlyn alikula chakula chake chote, akafuta sahani kwa mkate, akavaa koti. "Unakuja au hauji?" akaniuliza, kama kwamba mimi ndiye niliyekuwa nachelewesha.

Nesta alifungua mlango akasimama katikati yake. Yeye ni mkubwa kwa Emlyn, alipika miaka mingi katika shule ya watoto, na ana namna ya kusimama mlangoni inayomfanya mtu ajikague kama amenawa mikono.

"Umekuja kuchukua sanduku," akasema.

"Nimekuja."

"Hukuja kuniona mimi."

"Sanduku liko kwako, na wewe uko kwako, dada. Ningekuja vipi kwa moja bila jingine?"

Nilidhani atatufungia. Badala yake akasogea pembeni. Tukaingia. Alikuwa ameshachoma keki zile ndogo za zabibu juu ya bamba la chuma, bado za moto, kwa hiyo nikajua alitutarajia. Hakutukaribisha kuzila. Alifungua droo, akatoa kopo la vifungo, akachakura humo kwa kidole, akaweka kitu mezani mbele ya Emlyn. Kilikuwa ganda la zamani la shaba, limekuwa la kahawia, lenye mwili mnene, mabega, na shingo.

"Hili ndilo mlilokuwa mnalitafuta wewe na Wilf?"

Emlyn alilichukua. Akatoa mfukoni ganda moja la Wilf, akayasimamisha pamoja. Yalikuwa pacha, moja jipya moja kuukuu.

"Lilikuwa hapa muda wote?"

"Tangu nina umri wa kuanza shule. Nililichezea, nikilifanya mtu wa nyumba ya mdoli. Baba aliniambia jina lake na kila kitu. Ungeniuliza."

Neno lile lilikaa mezani. Nesta mwenyewe, nadhani, hakukusudia lifike mbali vile, lakini lilipokwisha kutoka hakulirudisha. Akavuta kiti akakaa.

"Ungeniuliza, Emlyn. Kitu kimoja tu. Simu ulikuwa nayo."

Emlyn alikuwa ameliinamia lile ganda. Hakukohoa safari hii.

"Moss alikuwa analala pale mlangoni pa baba," akasema. "Kila asubuhi nikipita kwenda kwa kondoo anainua kichwa, anadhani ni mzee. Anagundua ni mimi, anakishusha. Sikuweza tena, dada. Siku ile baada ya mazishi sikuweza."

"Ndiyo maana nilikuja na kapu."

"Najua."

"Usingemwona tena. Ningekuwa naye mimi."

"Ningemwona kila nikija kwako." Akayalaza maganda mezani. "Sikufikiri. Nilitaka yaishe. Wewe hukunijia akilini kabisa, na hilo ndilo baya. Nilikosa. Nimelijua kosa tangu nilipoliona lile blanketi, na kila mwaka uliopita likawa gumu zaidi kulisema."

Nilitazama nje dirishani, maana si vizuri kumtazama mtu wa aina yake akisema maneno kama hayo. Nesta akainuka, akasukuma sahani ya keki mbele ya Emlyn.

"Kula moja. Kisha unawe mikono vizuri, kwa sabuni. Karatasi haitaki mafuta."

Sanduku lilikuwa la mbao nyeusi, bawaba moja imevunjika. Kalibu ilikuwa ya chuma, mishikio yake imefungwa ngozi. Kulikuwa na kipimo cha baruti kama kijiko kirefu, na kibati cha shaba kilichokatwa mshazari ncha zote mbili. Kumbe Nesta alikuwa ndiye msaidizi wa baba yake. Majira ya baridi, Emlyn akiwa nje na kondoo, wao wawili walikuwa wanakaa jikoni kwa mzee wakivika risasi nguo, kama walivyoita. Risasi za mwisho alizijaza na mzee kabla hajaolewa, na baada ya hapo mzee alisema macho yamechoka, bunduki ikapanda juu ya meko.

Alilaza kibati juu ya karatasi nyembamba, akakata kwa wembe. Akalowesha kipande kwenye sahani ya maji, akaiviringisha risasi juu yake kwa kiganja mara moja tu, mbele, bila kurudi. Karatasi ilizunguka mara mbili, na ncha zake zikakutana kabisa, bila kupandana wala kuachiana. Mkia akausokota kwa vidole viwili, akaubonyeza kitakoni.

"Ngoja nione tena," Emlyn akasema.

"Hukuona kwa sababu unaangalia vidole. Angalia kiganja."

Alijaribu. Ya kwanza ilitoka kilevi kama za nyumbani. Ya pili nayo. "Mikono gani hii," Nesta akasema, "unaviringisha au unakanda unga?" Ya tano au ya sita ikakaa sawa, naye akaiinua juu kwenye mwanga akijisahau, na dada yake akaichukua kuikagua, akaitia kwenye kundi la zake. Kwa Nesta hiyo ni medali.

Wiki ile alikuja kwetu kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Aliegesha gari, lakini hakuja mlangoni. Aliniuliza, "Alimzika wapi?" Nikamwelekeza kwa mkono. Akatembea mpaka kwenye kichaka cha miiba, akasimama pale na koti lake la mvua muda wa kutosha maji ya chai kuchemka na kupoa. Emlyn alimwona kutoka bandani, akabaki humo humo. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu. Akauliza kama nina nta ya nyuki, kwa sababu ile aliyokuwa nayo imekauka na pasipo nta na mafuta ya kondoo kati ya baruti na risasi, mtutu utachafuka.

Siku ya kujaribu tulikwenda wanne machimboni: Wilf, Emlyn, Nesta na mimi na kikapu cha chakula. Manyunyu yalikuwa yanaanguka kidogo kidogo. Wilf alifunga bunduki kwa kamba kwa risasi ya kwanza, hata Emlyn alipolalamika. "Nimeshaona yaliyotokea ulipovuta kamba peke yako," akamwambia, "sasa vuta nikiwepo." Ikalia. Wilf akafungua wenzo, ganda likaruka nje lenyewe. Alilizungusha mbele ya macho: safi, halikuvimba, halikupasuka.

"Sasa piga," akasema.

Emlyn alilala juu ya gunia, akalenga muda mrefu mno, akapiga. Moshi ukatufunika wote. Ulipoondoka, Wilf akachungulia kwa darubini. "Umeua udongo. Chini ya ubao kabisa."

"Kitunga shabaha kimekaa vibaya."

"Kimekaa hivyo miaka mia na zaidi."

"Baba alikuwa anaiinua kidogo," Nesta akasema. "Anaiona ncha nzima ya kitunga shabaha, si nusu yake."

"Wewe uliwahi kuipiga?"

"Mara nyingi tu. Hukuwahi kuuliza na hilo."

Wilf akacheka mpaka akashika kofia. Emlyn akainuka, akakung'uta magoti, akamwonyesha dada yake gunia kwa mkono wote, kama anayemkaribisha mgeni sebuleni. Nesta akavua miwani, akaifuta manyunyu, akavaa. Akalala chini polepole, maana naye ana umri, akapiga, akaomba nyingine, akapiga, na ya tatu. Alipomaliza alishika bega akasema neno ambalo sikulitarajia kwa mtu wa kanisani. Wilf aliinamia darubini.

"Vipi?" Emlyn akauliza.

"Sahani ya chai ingeyafunika matundu yote matatu," Wilf akasema. "Na ni ya mviringo. Hakuna hata tundu moja la ufunguo."

Emlyn alitembea mwenyewe mpaka kwenye ubao, goti lake jipya na lile la zamani, akaibandua karatasi, akarudi nayo ameishika kifuani ili mvua isiiloweshe. Alimpa Nesta.

"Ningepaswa kuja kuomba sanduku mapema kidogo," akasema.

"Kidogo," Nesta akajibu.

Kwenye mashindano ya kiangazi Emlyn alishika nafasi ya katikati, jambo analolieleza kwa kuulaumu upepo. Nesta hakutaka kuandikisha jina. Alisema watu wanaompigia makofi humtia kichefuchefu, lakini risasi zote alivika yeye, na kwa siku nzima alikaa kwenye kiti cha kukunja akizitoa moja moja kutoka kwenye sanduku na kumpa maelekezo ambayo hakuyaomba. Walikosana mara mbili kabla ya chakula cha mchana, mara moja kuhusu nta na mara moja kuhusu njia ipi ni fupi kurudi nyumbani.

Watu bondeni wanasema mzee alifanya makusudi, kuwagawia bunduki huku na kalibu kule ili wasiachane. Nilimwambia Nesta. Akakataa. Baba yao, alisema, hakuwa mtu wa mafumbo. Alilisahau tu sanduku, kwa kuwa Nesta alikwisha kulichukua alipoolewa, likakaa nyuma ya sufuria na hakuna aliyelitaja. Bunduki imebaki kwetu kwa sababu kabati la chuma la silaha liko kwetu, na sanduku limebaki kwake kwa sababu hapendi likae kwenye nyumba yenye watu wenye mikono ya mafuta. Wilf ameletewa bunduki nyingine na mjane wa ng'ambo ya mto, isiyo na maandishi yoyote, na jana alipiga simu kuuliza kama ndugu hao wawili wangependa kuja kutazama akimimina madini. Emlyn alisema atamuuliza dada yake, akachukua koti lake msumarini akatoka.